Taa Nyekundu ya Mita

Hapa kwetu Ligula, mjini Mtwara, mita mbili za LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia, zimebanwa ukutani kama pacha. Moja yangu, ya pili ya jirani yetu Mama Zai, anayeuza barafu za ubuyu. Likumbuke hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Chanzo ni uniti 75. Nyumba za watumiaji wadogo kama yetu hununua uniti kwa shilingi 122 hivi, lakini ukivuka 75 kwa mwezi, bei inaruka mno. Tulivuka. Nikatangaza vita dhidi ya vitu vinavyokula umeme vikiwa vimelala: televisheni iliyozimwa kwa rimoti, sabufa yenye kijitaa cha bluu, na king'amuzi, ambacho aghalabu ukikizima kinaendelea kula karibu kama kilivyokuwa kikila.

Saa nne usiku nikachomoa kila kitu. Nilipofika kwenye friji, mke wangu akasema, "Baba Salma, mna pweza humo."

"Dakika kumi tu."

Nikatoka na tochi. Mita ina taa nyekundu inayopepesa mara 1000 kwa kila uniti moja, imeandikwa pale pale usoni pake. Nilitegemea kuikuta imetulia. Wapi! Inapepesa kama jicho la mtu aliyeingiwa na mchanga.

Nikarudi ndani, nikazima meni swichi. Nikatoka. Inapepesa.

Hapo damu ikachemka. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, inazungusha mitambo ya umeme hapa hapa Mtwara, halafu mtu ajiunganishie kwangu? Nikashusha swichi iliyo chini ya mita. Taa ikafa papo hapo. Nimemkamata! Nikaamua kuiacha hivyo hadi asubuhi, ili mwizi ajitokeze mwenyewe akilalamika giza.

Meni swichi yetu nayo ikabaki imezimwa, tukalala bila feni. Joto la Mtwara la mwezi wa kumi na mbili halihitaji maelezo. Mke wangu hakusema neno usiku kucha, na waliooa wanajua ukimya ule.

Alfajiri mlango ukagongwa. Mwizi kajitokeza! Nikafungua kifua mbele. Ni Mama Zai, kashika beseni, na ndani yake vifuko sitini vya barafu vinaogelea kwenye maji mekundu.

"Jirani, na kwako umeme umekatika?"

Salma, anayesoma darasa la nne, alichukua risiti ya LUKU, akatoka kwenda ukutani, akarudi. "Baba, namba ya mita yetu inaishia 47. Ile uliyozima inaishia 74."

Miaka minne nimekaa nyumba hii.

Barafu sitini kwa mia mbili mbili, elfu kumi na mbili. Kwa bei ya 122 hizo ni uniti 98. Pweza naye alikuwa ameshayeyuka, ikabidi apikwe wote kwa mkupuo mmoja, tui la nazi tatu, na siku tatu tukamla asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu Salma aliomba uji.

Jumapili nikaanza upya, safari hii kwenye 47. Nikachomeka televisheni, king'amuzi na sabufa tu, zote zikiwa zimelala, nikaweka kigoda mbele ya mita nikahesabu saa nzima. Taa ilipepesa mara 20. Piga saa 24, piga siku 30: uniti 14 na ushei kila mwezi, kwa vitu ambavyo hakuna anayevitumia. Kwa hiyo nilikuwa na haki! Ila hasara ya barafu itarudi baada ya miezi saba.

Nilipokuwa naandika hesabu hiyo kiganjani, Mama Zai akapita na ndoo yake kichwani, akasimama, akaziangalia mita, akaniangalia mimi.

"Jirani, leo unazima ya nani? Nijue kama niuze mapema."