Tunda tulitafune jamani, tusilinywe

Hili jambo la juisi limenikaa rohoni muda mrefu acha leo niliseme. Hapa Dar siku hizi kila kona kuna blenda, Kariakoo, Mwenge, Mbagala, mtu akiambiwa apunguze soda maana kwao kisukari kipo kwenye ukoo anahamia juisi ya embe au pasheni, anaamini kabisa ameanza kula kiafya, na muuzaji keshatia sukari humo ya kutosha. Mtu huyohuyo mkatie papai uone, anakataa, eti matunda yana sukari nyingi yatamletea ugonjwa!

Mimi nasema tunaogopa kisichotakiwa kuogopwa. Mwaka 2013 kuna utafiti ulitoka, watu wa Harvard walikuwemo, waliwafuatilia Wamarekani zaidi ya laki moja na themanini elfu kwa miaka mingi, wakaona wanaokula matunda mazima, hasa zabibu na matufaa, hawakupata sana kisukari cha aina ya pili ukilinganisha na wasiokula, lakini wanywaji wa juisi hatari yao ilikuwa juu. Na ukifikiria inaeleweka tu, ukilitafuna chungwa na nyama zake zile nyuzinyuzi zinaichelewesha sukari kuingia kwenye damu na unashiba mapema, ukilikamua nyuzi nyingi zinaishia kwenye chujio, halafu glasi moja inamaliza machungwa matatu manne na unaishusha kwa dakika moja, nani anakaa kutafuna machungwa manne kwa mpigo?

Kuna utafiti mwingine wa 2020 wa nchi nane za Ulaya naupenda zaidi, maana hawakutegemea tu mtu aseme alikula nini, walipima damu, vitamini C na karotenoidi, vitu ambavyo vinaonyesha kama mtu anakula mboga na matunda kweli. Kila nyongeza ya kama gramu 66 kwa siku iliendana na hatari kupungua kwa robo hivi. Gramu 66 ni kama nusu chungwa tu! Najua tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba ni tunda peke yake limefanya kazi, uzito, mazoezi na ukoo navyo vimo, lakini kwa gharama ya nusu chungwa mimi sioni cha kusubiri.

Sasa njoo kwenye sahani zetu. Kwa mama ntilie wali unajaa mlima, maharage, nyama, halafu mchicha kijiko kimoja pembeni kama pambo. Chipsi mayai ndo kabisa, kachumbari ni vipande viwili vya nyanya. Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, kwa kijiko kile tutafika lini? Na mji huu mboga zipo, matembele, kisamvu, majani ya maboga, asubuhi zinapita hadi mlangoni kwenye baiskeli. Mimi siku hizi naomba nipunguziwe wali niongezewe mboga, na mama ntilie wengi wanakubali bila shida.

Ila kwa wale ambao tayari mna kisukari, matunda hamjakatazwa, ni kipimo tu, muulizeni daktari kiasi gani kwa siku, na tafadhali msiache dawa kwa sababu mmeanza kula mchicha.