Mzee wa kitandani na kinywa kisichotazamwa

Ukigusia tu suala la kuwapelekea huduma ya kinywa wazee wasiotoka nyumbani, jibu huja haraka: madaktari wa meno hawatoshi, watoto wa shule wenyewe hawajafikiwa, leo bibi wa miaka 80 afuatwe chumbani? Hoja hiyo ina uzito. Kazi ya meno inataka kiti, taa, mashine ya kunyonya mate na vifaa vilivyotakaswa. Kumng'olea jino chumbani mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ni kuchezea roho yake. Tena kwa Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali.

Ila msamaha huo unaanzia dirisha la hospitali. Kabla ya hapo kuna kumbeba mtu aliyepooza hadi kwenye bajaji, na vijana wawili kuacha vibarua vyao siku hiyo. Jino ni nadra kupewa hadhi ya safari kama hiyo. Mzee anaambiwa avumilie, anapewa dawa ya maumivu, na uji unazidi kuwa mwepesi.

Wanaopinga pia wanasahau mapafu. Aliyepata kiharusi humeza kwa shida, na mate yenye bakteria huteleza hadi kwenye njia ya hewa. Japani, katika nyumba 11 za kutunzia wazee, watafiti walifuatilia wazee 366 kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kati ya 182 walioachwa na utaratibu wao wa kawaida, 34 walipata nimonia. Kati ya 184 waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo, walioipata ni 21. Ni asilimia 19 kwa 11, na aliyeshika mswaki kila siku alikuwa mlezi. Wataalamu wa meno walipita mara moja kwa wiki palipohitajika. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hata wazee vibogoyo walinufaika. Basi ile kauli ya “meno yenyewe hana, asafishwe nini?” haina pa kusimama.

Haki itendeke: mwaka 2015, katika nyumba 36 za wazee jimboni Connecticut, Marekani, mpango uliochanganya mswaki, dawa ya kusukutulia na kulishwa mtu akiwa wima haukupunguza nimonia. Kwa hiyo tusimwahidi mtu kinga. Lakini kula bila maumivu nako ni haja kamili, haisubiri kuthibitishwa na nimonia.

Mwinue mzee akae, washa taa ya simu, vuta taratibu shavu la upande uliopooza. Mara nyingi utakuta wali wa mlo uliopita umejibana pale, na yeye hana habari nao. Kitambaa laini na maji ya vuguvugu vinatosha kuuondoa. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yalale ndani ya maji.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwa na wahudumu 137,294. Hao ndio wanaopiga hodi majumbani. Wafundishwe kutazama kinywa cha mzee na kumwelekeza anayemtunza. Kidonda cha ulimi kisichopona kwa wiki mbili, fizi yenye usaha, meno ya bandia yanayochubua: hayo wampigie daktari wa meno wa wilaya, naye aamue ni mzee yupi afuatwe nyumbani na yupi abebwe.