Aya Kavu Inasingiziwa

Waandishi wengi vijana wanaiona piramidi iliyopinduliwa, yaani aya ya kwanza inayotaja nani, nini, wapi na lini kwa mkupuo, kuwa mtindo wa kizee. Wanataka habari ifunguke kama hadithi. Hoja yao si nyepesi. Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, video zilienea kwenye simu siku hiyohiyo. Gazeti la Jumatatu lingemwambia msomaji nini kipya? Afadhali lianze na mvuvi kijana aliyepiga kasia kuiwahi ndege.

Lakini tazama hesabu. Mchana ule mamlaka za mkoa zilisema watu 26 wameokolewa. Baadaye waliofariki wakatajwa kuwa 19. Jumlisha: 45. Ndege ilibeba watu 43! Mwenye ndugu yake ndani ya ndege ile alikuwa na video tele, ila idadi zilizomfikia zilikuwa zinagongana. Aliyehitaji kujua hayo hakuhitaji kasia wala mawimbi. Alihitaji hii: "WATU 19 wamefariki dunia na wengine 24 wamenusurika baada ya ndege waliyokuwa wakisafiria kutumbukia Ziwa Victoria." Mvuvi anastahili aya ya tatu, au makala yake peke yake. Wiki ikishapita, aongoze yeye, hapo sibishi.

Kinachochosha wasomaji ni itifaki ya vyeo, na lawama zake inabebeshwa aya kavu ya kwanza isiyohusika. Magazeti yetu yamezoea kufungua hivi, kwa mfano wa mwaka ule wa 2022: "WAZIRI Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Kassim Majaliwa, amesema..." Maneno 10 yamepita ndipo kitenzi kikafika, na marehemu bado hawajatajwa. Mhariri atajitetea kwamba chanzo lazima kitajwe. Ni kweli, hasa idadi ya vifo inapohusika, lakini chanzo hakipotezi uzito kikikaa mwishoni mwa sentensi au aya ya pili. (Mkuu wa wilaya "aliyewataka wananchi kudumisha amani" ni kesi nyingine, pale hakuna habari ya kufungulia.)

Wapo wanaosoma gazeti wamesimama mezani kwa muuzaji bila kununua, na wapo wanaosubiri magazeti yasomwe redioni asubuhi: kichwa cha habari, na mtangazaji akiwa na muda, aya moja. Hao hawafiki aya ya tatu. Idadi ikiwekwa huko, hawaipati.