Moto Uliokuwa Chini ya Jumba la Vioo

Majuzi nilitembelea bustani ya kasri moja la kale nchini Uingereza, nikatoka na uchungu moyoni. Mwongozaji alitusimulia kwa karibu saa nzima habari za ukoo uliomiliki kasri hilo na karamu zake. Tulipofika kwenye kimlango cha chuma nyuma ya jumba la vioo la kutunzia mimea ya nchi za joto, alisema tu kwamba hapo ndipo moto ulipowashwa, akapita. Nilibaki nyuma nikachungulia. Ngazi za mawe zililika katikati kwa kukanyagwa, na masizi bado yameganda ukutani.

Masizi yale ndiyo historia ninayotaka isimuliwe. Huko Chatsworth, kasri jingine lililoko Derbyshire, mkuu wa bustani Joseph Paxton alianza mwaka 1836 kujenga jumba la vioo lenye urefu wa mita 84 na kimo cha karibu mita 20, ambalo Malkia Victoria alipofika mwaka 1843 alipitishwa ndani yake kwa gari la farasi. Vioo hivyo vimesifiwa mno. Lakini mitende haikustahimili theluji ya Derbyshire kwa sababu ya vioo peke yake. Chini ya ardhi kulikuwa na matanuri manane, na makaa ya mawe yaliletwa kwa vibehewa kupitia handaki, mbali na macho ya wageni. Kuna mtu aliyekesha huko na beleshi mkononi, na lau angepitiwa na usingizi usiku wa baridi kali, mimea iliyovushwa bahari kwa miezi ingeungua kwa jalidi kabla hakujapambazuka. Vita Kuu ya Kwanza ilipofanya makaa kuwa adimu, moto ulizimwa, mimea ikafa, na mwaka 1920 jumba lenyewe likalipuliwa kwa baruti. Vioo vilikuwapo, moto ndio haukuwapo.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba Paxton mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima na kipaji chake hakina shaka, na kwamba bila fedha za Duke wa Devonshire, mwenye Chatsworth, lisingejengwa lolote. Hata hivyo, mgomba uliochanua Chatsworth mwaka 1835 ulipewa jina la ukoo wa Duke, Cavendish, ambalo ndizi zilizojaa katika maduka ya Ulaya zinaitwa hadi leo. Waliokesha wakiupa joto hawatajwi. Wala hawatajwi vijana wawili wa bustani hiyo waliotumwa Amerika Kaskazini kutafuta mimea, wakazama katika mto Columbia mwaka 1838.

Katika bustani ya Heligan, kule Cornwall, wametenda haki. Watunza bustani wa huko waliandika majina yao kwenye ukuta wa choo chao Agosti 1914, vita vilipoanza, na bustani ilipofufuliwa miaka ya 1990 maandishi yale yalihifadhiwa yasomwe na kila apitaye.

Nimemwandikia msimamizi wa bustani niliyoitembelea, nikiomba kimlango kile kifunguliwe, ngazi ziwekewe taa, na majina yaliyomo katika daftari za mishahara yabandikwe mle ndani, kwenye ukuta wenye masizi.