Urafiki Kamili wa New Mexico Haukuja Bure

Wiki iliyopita binti yangu alikaa mezani jikoni akikariri salamu ya bendera ya jimbo, mimi pembeni nachambua mchele. Yuko darasa la pili, na shuleni kwao hapa Albuquerque watoto huisoma asubuhi baada ya ile ya bendera ya Marekani. Nimeisikia mara kadhaa bila kuitilia maanani. Jioni ile maneno yakanikaa: naisalimu bendera ya jimbo la New Mexico, na alama ya Zia ya urafiki kamili kati ya tamaduni zilizoungana. Nikausogeza ungo. Mtoto wangu anakaririshwa, kila siku ya Mungu, jambo lisilo kweli.

Hebu itazameni hiyo bendera. Nyekundu na njano ni rangi za Uhispania. Jua la katikati ni la watu wa Zia, kijiji cha Wapueblo, wenyeji wa asili wa nchi hii, kaskazini ya hapa. Kwao ni alama ya ibada, na ilitolewa kwenye mchoro wa chungu chao. Jimbo lilipoifanya bendera mwaka 1925 halikuwaomba ruhusa, na watu wa Zia wamelilalamikia hilo miaka nenda miaka rudi. Leo jua lao liko kwenye namba za magari, kwenye fulana, kila mahali. Hata alama ya huo urafiki ilichukuliwa bila hodi.

Kuchanganyika, tamaduni zimechanganyika kweli. Mwaka jana mama mmoja wa Kewa, kijiji kingine cha Wapueblo, alitukaribisha tangu siku ya kuamkia sikukuu yao ya Agosti 4. Uani ana tanuri la udongo, horno, limeumuka kama kichuguu. Alichoma kuni humo mpaka zikawa makaa, akayakokota yote nje, akapangusa sakafu kwa ufagio uliolowa, kisha akatupa ndani kiganja cha unga. Ukaungua papo hapo. Akangoja, tukapiga soga. Akatupa tena, safari hii unga ukageuka rangi taratibu, akasema haya. Mikate ikaingia kwa koleo refu la mbao, mlango ukazibwa. Tanuri hilo lililetwa na Wahispania, nao walilipata kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini. Ngano pia ilikuja nao. Adobe, hayo matofali ya udongo, ni neno lenye asili ya Kiarabu, na acequia, mifereji yao ya mashambani, vilevile. Mimi mtoto wa Unguja nikimsikia jirani akitaja azúcar, azafrán na aceituna, masikioni zinaingia sukari, zafarani na zeituni.

Kesho yake mtakatifu wao, Santo Domingo, akatolewa kanisani akawekwa chini ya kibanda cha matawi uwanjani. Mbele yake mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakacheza ngoma ya mahindi kutwa nzima juani. Nilisimama pale machozi yananilenga.

Lakini ngoma ile ipo leo kwa sababu ipi? Kwa urafiki? Mwaka 1599, majeshi ya Mhispania Juan de Oñate yalipokishinda kijiji cha Acoma, yaliua mamia ya watu. Kisha wanaume wa zaidi ya miaka 25 wakahukumiwa kukatwa mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20. Mwaka 1675 gavana wa Kihispania alikamata waganga na viongozi wa dini 47. Wengine walinyongwa, waliobaki wakachapwa viboko hadharani, na mmoja wa waliochapwa alikuwa Po'pay wa kijiji cha Ohkay Owingeh. Miaka mitano baadaye Po'pay na wenzake wakatuma wakimbiaji kijiji hadi kijiji, wamebeba kamba zenye mafundo. Kila siku fundo moja lifunguliwe; likiisha la mwisho, inukeni. Agosti 1680 waliinuka, wakawafukuza Wahispania mpaka El Paso, na kwa miaka 12 nchi ikawa yao.

Wahispania walirudi mwaka 1692, lakini hawakurudi na ubavu ule ule. Utaratibu wa kuwagawia walowezi vijiji vya kutozwa ushuru na kutumikishwa haukufufuliwa, na mapadri ikawabidi kuvumilia ngoma walizokuwa wakizipiga marufuku. Mtakatifu na mahindi wamekaa uwanja mmoja kwa sababu kuna watu walikataa. Huo ndio mchanganyiko ninaousifu mimi, na salamu inawafuta waliouwezesha.

Na hizo "tamaduni tatu" za vitabu vya watalii, yaani Wenyeji, Wahispania na Wazungu, zinamwacha wapi Estevanico, Mwafrika wa Azemmour, Morocco, aliyefika kwa Wazuni, nao Wapueblo, mwaka 1539 na kufia huko?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba waliotunga salamu walitaka heri. Nakubali pia kwamba mtoto wa miaka saba hahitaji kusimuliwa habari za miguu iliyokatwa. Lakini kwetu Mkunazini kanisa kuu limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873, na mgeni akifika huambiwa hivyo waziwazi. Ukweli haujalibomoa kanisa. Sisi wa pwani tuna maneno yetu matamu kuhusu mchanganyiko, nayo yanahitaji kunyooshwa, hilo nalijua. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikiyasikia ugenini.

Binti yangu nimemwonyesha picha ya sanamu ya Po'pay iliyoko bunge la Marekani tangu 2005, kazi ya Cliff Fragua wa kijiji cha Jemez. Mkononi ameshika kamba ya mafundo. Mgongoni, ambako anayepita mbele haoni, mchongaji ameweka makovu ya viboko. Mtoto ameitazama kimya, kisha akaniomba uzi.

Agosti 4 tutarudi Kewa, Mungu akipenda. Picha hawaruhusu, kwa hiyo simu tutaziacha garini.