Namba za vifungu na wakili asiyetoza mteja

Toleo la 2023 la sheria za Tanzania zilizofanyiwa urekebu, yaani zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zilihama. Kifungu ambacho wakili alikuwa akikitaja kwa kukariri kikajikuta na namba nyingine. Ofisi ya mawakili inayotumia violezo vya hati, kuanzia notisi ya madai hadi kiapo cha kuunga mkono maombi, ilipaswa siku hiyo iwe na mtu anayefungua kila kiolezo, anasahihisha namba na kuandika tarehe ya marekebisho. Katika ofisi nyingi kazi hiyo haikuwa ya mtu yeyote. Kila mwanasheria alijirekebishia nakala iliyo kwenye kompyuta yake alipoihitaji, au alipoambiwa na wakili wa upande wa pili.

Usimamizi wa maarifa katika kampuni ya uwakili, ukiuvua majina yake makubwa, ni kazi ya namna hiyo, na ugomvi wake na wabia ni wa siku nyingi. Mbia anauliza: huyu asiyesimama mahakamani wala kumwandikia mteja ankara anaingiza nini? Swali hilo si la ubahili. Ofisi kubwa za London zimekuwa na mawakili wa aina hiyo kwa miongo kadhaa, lakini zina mamia ya mawakili wa kugawana gharama. Ofisi ya watu kumi Dar es Salaam au Arusha ina pango la kulipa na mishahara ya mwisho wa mwezi. Tena wabia wengi wameshanunua mfumo wa gharama kubwa ambao baada ya mwaka ukageuka stoo ya mafaili yenye majina kama “mkataba wa mwisho 2 mpya”. Aliyeumwa mara moja ana haki ya kudai ushahidi.

Tatizo ni aina ya ushahidi unaopelekwa, ambao kwa kawaida ni saa zilizookolewa. Tuseme ofisi ina wanasheria 12, na kila mmoja anaokoa dakika 20 kwa siku kwa kupata kiolezo kizuri upesi. Hizo ni saa 4 kwa siku, saa 80 kwa mwezi wa siku 20 za kazi. Zizidishe kwa kiwango cha ada cha saa moja, na ghafla wakili wa maarifa anaonekana kuingiza fedha kuliko mbia mwenyewe. Hesabu ni sahihi na hitimisho ni bovu. Dakika 20 za mtu huyu na 20 za yule hazijumlishiki zikawa wakili wa ziada anayeweza kupewa jalada. Nyingine huishia kwenye simu, nyingine kwenye chai. Na mahali ambapo mteja anatozwa kwa saa, mbia makini atajibu kwamba saa iliyookolewa ni saa isiyotozwa, yaani pato limepungua. Mtetezi wa maarifa anajikuta amejenga hoja ya mpinzani wake kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo pingamizi hilo limekuja kwetu na mizigo ya watu wengine. Hapa kazi nyingi za wateja wa ndani hulipwa kwa ada ya jumla inayokubaliwa mwanzoni, na kwa ada ya jumla kila saa inayopungua inabaki kwa ofisi. Kwa hiyo hoja ya muda ina nguvu zaidi kwetu kuliko ilikozaliwa. Kinachokera ni kwamba ofisi inayotoza kwa jumla mara nyingi haiweki kumbukumbu ya saa kabisa, hivyo anayenufaika zaidi ndiye asiyeweza kuonyesha. Ningeanzia hapo: aina tatu tu za kazi zirekodiwe muda kwa miezi mitatu kabla ya kiolezo na miezi mitatu baada yake. Takwimu itakuwa ndogo, lakini itasimama mbele ya mbia anayejua kuhoji shahidi.

Ushahidi wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi, ni makosa. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, hati ya rehani ilifika benki ikiwa na jina la mkopaji wa jalada lililotangulia, kwenye ukurasa wa saba, katika aya ambayo hakuna aliyeisoma kwa sababu kila mtu aliamini imeshasomwa. Hakuna saa iliyopotea siku ile. Kilichopotea ni majalada ambayo benki ingetupa baadaye. Mbia anaweza kusema kwamba kosa la kifungu leo haliui maombi kama zamani, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya 2018 yaliielekeza mahakama itende haki bila kufungwa mno na ufundi. Ni kweli kwa sehemu kubwa, ila benki haina jaji wa kuisamehe ofisi. Daftari la makosa yaliyorudishwa na wateja, wasajili wa mahakama na mamlaka za ardhi, likitunzwa bila kumwadhibu aliyeandika, litaonyesha thamani ambayo hesabu ya saa haiwezi kuigusa.

Daftari hilohilo ndilo linalopanga vipaumbele. Maktaba ya hukumu isiwe ya kwanza, maana TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, inazitoa bure. Hati za Kiswahili zipande juu: tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ofisi yenye violezo vya Kiingereza pekee hutafsiri upya hati ileile kila mara, na kila mtafsiri ana msamiati wake. Wanaodhani akili mnemba itawaondolea kazi hii wakumbuke kwamba ikilishwa violezo vya zamani itarudisha vifungu vya zamani, kwa lugha nzuri zaidi.

Karani wa majalada anajua hati zipi hutoka kila wiki na zipi hurudi. Katika mipango ya namna hii niliyoiona, hakuna hata mmoja ulioanza kwa kumuuliza yeye.