"Jesus, Take the Wheel": sala fupi iliyokaa kileleni wiki 6

Wimbo wa dini kupanda chati ya muziki wa kantri (country) Marekani si jambo geni. Kilichofanya "Jesus, Take the Wheel" uzungumzwe ni nani aliyeuimba na wakati gani. Mei 2005 Carrie Underwood, binti wa Checotah, Oklahoma, alishinda American Idol, shindano la uimbaji la televisheni. Oktoba mwaka huohuo redio zikapelekewa wimbo wa kutambulisha albamu yake ya kwanza, Some Hearts, na wimbo wenyewe unamtaja Yesu tangu kwenye jina lake: "Yesu, shika usukani". Januari 2006 ulikuwa namba 1 kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard, na haukushuka kwa wiki 6. Mwaka 2007 ukachukua Grammy mbili: moja ya Underwood kwa uimbaji, nyingine ya watunzi wake watatu, Brett James, Hillary Lindsey na Gordie Sampson.

Tangu hapo wapo wanaouita ushuhuda na wapo wanaouita bidhaa iliyopakwa mafuta ya upako. Ubishi huu hauna maana bila kuusikiliza wimbo wenyewe ubeti kwa ubeti, kwa sababu wengi wanaoubishania wanakijua kiitikio tu.

Kisa ni hiki. Ni mkesha wa Krismasi, theluji imetanda. Mwanamke anaendesha gari kwenda Cincinnati kwa wazazi wake, mtoto mchanga yuko kiti cha nyuma. Zimebaki maili 50, yaani kama kilomita 80. Mafuta yanaelekea kuisha, na imani nayo hali kadhalika. Mwaka umekuwa mgumu, mawazo yamemjaa, mwendo ni mkali. Gari linapita juu ya barafu nyembamba, linaanza kuzunguka, naye anainua mikono na kumwomba Yesu ashike usukani. Katika ubeti wa pili gari limesimama kando ya barabara na mtoto hata hajaamka. Hapo ndipo mama anainamisha kichwa na kutubu: anakiri kwamba namna anavyoishi lazima ibadilike. Kiitikio kinarudi na ombi lilelile, ila usukani unaoombewa sasa ni wa maisha.

Ufundi wa watunzi uko mahali ambapo wengi hupapita. Beti zinasimulia habari za mtu mwingine, "yeye". Kiitikio kinasema "mimi". Msikilizaji aliyekuwa anatazama ajali ya mtu baki anajikuta, bila kuombwa ruhusa, anaimba sala kwa kinywa chake mwenyewe. Wimbo huu haumhubirii mtu. Unamweka ndani ya gari, kisha unamwachia sala mdomoni. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajakanyaga kanisani miaka mingi aliweza kuuimba akiwa kwenye foleni asubuhi bila kuona kwamba anahubiriwa.

Sasa tuje kwa wakosoaji. Hoja yao inayosikika zaidi ndiyo dhaifu zaidi: kwamba wimbo unafundisha watu kuachia usukani. Kiufundi wana haki ya kucheka. Barafu ya aina hii ni tabaka jembamba linaloonyesha rangi ya lami, hivyo dereva huiona akiwa tayari juu yake. Kinachotakiwa ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kutokanyaga breki kwa nguvu, kushika usukani kwa mikono miwili na kuuelekeza taratibu kule unakotaka gari liende. Anayekata kona ghafla hulizungusha zaidi, na anayeuachia usukani hana tena namna ya kulirudisha gari njiani pale tairi linapopata mshiko. Aliyewahi kuserereka kwenye tope la Machi kijijini anaijua hali hiyo bila kuona theluji. Lakini wimbo haukuandikwa kama somo la udereva. Mwanamke huyu hachagui mbinu. Ameshashindwa, na mikono inapanda juu kwa hofu. Dhihaka zilizozagaa mitandaoni kuhusu madereva wanaomwachia Yesu usukani zinachekesha, ila zinajibu jina la wimbo bila kugusa kisa chake.

Hoja ya pili ina uzito kidogo. Inasema hii ni imani ya dharura: mtu anamkumbuka Mungu gari linapopinduka. Jibu liko kwenye Mathayo 14:30. Petro anaanza kuzama, anapiga yowe, "Bwana, niokoe." Maneno mawili tu, bila utangulizi, bila sifa, bila toba, na mkono unanyooshwa mara moja. Kukemewa kwa imani haba kunakuja baada ya kuokolewa. Watunzi wa Nashville, makao ya muziki wa kantri, wamefuata mpangilio uleule: kwanza wokovu wa mwili, kisha toba. Anayelalamika kwamba toba haimo hakuusikiliza ubeti wa pili, na anayelalamika kwamba imechelewa ana kesi na Mathayo pia.

Hoja iliyo nzito kweli ni nyingine, na wakosoaji hawaitumii vya kutosha. Ndani ya wimbo huu hakuna mtu mzima mwingine. Hakuna dereva anayesimama kusaidia, hakuna mchungaji wala kanisa. Wazazi wanatajwa lakini hatuwaoni, kwa sababu wimbo unaisha kabla ya Cincinnati. Imani ni ya mtu mmoja, usiku mmoja, milango imefungwa. Uulinganishe na "Three Wooden Crosses" ulioimbwa na Randy Travis na kufika namba 1 mwaka 2003: basi linapata ajali, kati ya abiria wanne watatu wanafariki, na mhubiri anayekata roho anamkabidhi kahaba Biblia yake yenye damu. Baadaye tunagundua kwamba anayesimulia habari hii kanisani ni mtoto wa yule kahaba. Pale sala haizuii mauti, na imani inapita mkono kwa mkono. Kwa kipimo changu huo ni wimbo wenye kina zaidi. Mtu aliyempoteza ndugu barabarani anaweza kuusikiliza bila kuuliza kwa nini gari la ndugu yake halikusimama kando. "Jesus, Take the Wheel" hauna jibu kwa mtu huyo.

Upande wa biashara nao una mengi ya kusemwa. Wakati ule chati ya kantri ya Billboard ilihesabu kitu kimoja: nyimbo zinapigwa mara ngapi redioni na mbele ya wasikilizaji wangapi. Mauzo hayakuingia mpaka utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2012. Kwa hiyo wiki 6 kileleni zilikuwa uamuzi wa wapanga vipindi, watu ambao hofu yao kubwa ni msikilizaji kubadili stesheni. Kwenye Hot 100, iliyochanganya redio za aina zote na mauzo, wimbo uliishia namba 20. Kwenye chati ya nyimbo za Kikristo ulifika namba 4. Tofauti hiyo inaeleza mengi: nyumba yake ilikuwa kantri, na kwingine kote uliingia kama mgeni anayepokewa vizuri. Hata ratiba ilikuwa ya ujanja. Wimbo wa Krismasi hufa redioni tarehe 26 Desemba, ila huu una mkesha wa Krismasi ndani yake bila kuwa wimbo wa Krismasi, hivyo ulipanda na msimu kisha ukabaki.

Na pesa? Tuhuma ya kuuza jina la Yesu ipigiwe hesabu. Kuanzia Januari 2006 sheria ya Marekani iliweka mrabaha wa utunzi kuwa senti 9.1 kwa kila nakala ya wimbo. Nakala milioni 1 ni dola 91,000. Nusu kwa desturi huenda kwa wachapishaji wa muziki, nusu kwa watunzi, na watatu wakigawana sawa kila mmoja anaondoka na kama dola 15,000. Redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji. Mwimbaji hapati hata senti kwa kupigwa redioni. Faida ya Underwood ilikuwa kwenye albamu, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni 7 nchini humo, na kwenye majukwaa. Wimbo ulifungua mlango, na biashara ilikuwa ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba hiyo kuna kitu kinachowapa wakosoaji silaha yao bora. Albamu hiyohiyo ina "Before He Cheats", ambamo mwanamke anachukua gongo la besiboli na kulivunja taa gari la bwana anayemsaliti. Sauti ni ileile, na gari liko tena katikati. Wimbo huo ulifika namba 8 kwenye Hot 100, juu kuliko ule wa sala. Mtu akisema Nashville inauza toba na kisasi kwenye kaunta moja, sioni pa kumpinga. Lakini wasikilizaji wa kantri wamezoea Jumamosi ya baa na Jumapili ya kanisa katika kanda moja. Kwao huo si unafiki, ni wiki ilivyo.

Tena fomula yenyewe ni ya zamani. "One Day at a Time" ya Marijohn Wilkin na Kris Kristofferson ilirekodiwa na Marilyn Sellars mwaka 1974, ikamfikisha Lena Martell namba 1 Uingereza mwaka 1979, na Cristy Lane namba 1 ya kantri Marekani mwaka 1980. Nayo inamwomba Yesu kitu kidogo tu: nguvu za kutosha leo. Nchini Kenya, ambako waimbaji wa kantri Jim Reeves na Dolly Parton wana wapenzi wengi kupita kiasi, wimbo huo umeimbwa makanisani na kwenye mazishi na watu wasiojua kwamba ulianzia Nashville. Siri ni ufupi wa ombi. Wimbo unaoomba kila kitu ni mgumu kukumbuka mpaka Jumatatu.

Wanaojaribu kuimba wa Underwood hukosea sehemu mbili. Kwanza, wanaanza kwa sauti kubwa kama pambio la sifa. Ubeti wa kwanza unatakiwa usimuliwe karibu kama mazungumzo, vyombo vichache, sauti ya chini; ukishaipandisha pale kwenye Cincinnati, kiitikio hakina pa kwenda, na mwisho utapiga kelele. Pili, kwaya hubadilisha "yeye" wa beti kuwa "mimi" ili uwe ushuhuda tangu mwanzo, na hapo mtego wote wa watunzi unavunjika. Anayetaka kuurekodi kwa Kiswahili akumbuke pia kwamba leseni ya kawaida ya kurudia wimbo haigusi tafsiri. Maneno mapya yanahitaji ruhusa ya wachapishaji kabla ya kuingia studio.

Linabaki swali kama redio inaweza kubeba imani nzito kuliko hii. Mwaka 2014 Underwood alitoa "Something in the Water", aliouandika na Chris DeStefano na Brett James yuleyule. Humo kuna ubatizo, na kuna mtu mwingine anayemshuhudia aliyepotea na kumwonyesha njia. Wimbo huo ulikaa namba 1 ya kantri wiki 7, ukaongoza pia chati ya Kikristo, ukashinda Grammy. Kwa hiyo upweke wa yule mama kwenye barafu haukulazimishwa na soko. Watunzi wake waliuchagua.